Chuma Kigumu Hakitobolewi kwa Spidi

"Fundi, chuma kilikuwa kigumu, nikaongeza spidi, biti ikaungua. Biti za siku hizi feki tupu." Wiki hii nimeambiwa hivyo tena hapa Ngarenaro, Arusha, na safari hii yamenifika kooni. Biti yenyewe, kile kipande cha drili kinachotoboa, ni ya milimita 10, mwili mzima uko sawa, ncha tu ndiyo nyeusi na kona zimelika. Biti feki zipo sokoni, sikatai. Ile haikuwa feki. Iliuawa na spidi, tena kwenye engo (chuma chenye umbo la L) ya kawaida ya stendi ya tangi, chuma laini kabisa.

Biti haitoboi kwa kuzunguka, inatoboa kwa kukata, na ili ikate lazima makali yazame kwenye chuma. Ukiizungusha kwa fujo huku unaogopa kukandamiza, makali yanateleza juu juu na kusugua. Unachopata hapo ni joto.

Pigeni hesabu wenyewe. Drili nyingi za mkono za milimita 13, ukibana swichi mpaka mwisho, zinafika mizunguko 2,800 hivi kwa dakika. Kona ya nje ya biti ya milimita 10 hapo inakimbia karibu mita 88 kwa dakika, wakati chuma laini kwa biti ya HSS, ile ya chuma kinachostahimili joto, kinataka mita 25 hivi. Umezidisha mara tatu na nusu! Biti hiyo ilitakiwa izunguke kama mara 800. Ya milimita 6 ipe 1,300. Ya milimita 3 iache ikimbie, hata 2,600 inavumilia. Biti ikinenepa, mzunguko unashuka. Na chuma kikiwa kigumu unashuka tena, haupandi.

Stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ndiyo inayowaumbua wengi. Yenyewe inataka mita 10 hadi 12 tu, yaani biti ya milimita 10 izunguke mara 300 na kitu. Ukiisugua bila kuikata, uso wake unakomaa, unakuwa mgumu palepale. Sekunde chache tu zinaacha doa linalong'aa chini ya tundu, na hapo hata biti mpya inateleza. Kwa hiyo anza polepole, kandamiza kwa uzito wa mwili, weka oili, na usiiache biti izunguke bure ndani ya tundu. Ukitaka kupumzika, itoe kwanza. Kama doa limeshatokea, jaribu kuingilia upande wa pili.

Utajuaje kama unakata? Tazama maranda. Kwenye chuma laini yanatoka mawili mawili, yamejisokota, moja kila mfereji wa biti. Yakitoka upande mmoja tu, biti imenolewa kombo, na tundu litakuwa pana kuliko biti yenyewe. Ukiona unga na kusikia biti inalia, achia swichi. Usisubiri moshi.

Na hili la rangi ya buluu. Biti za chuma cha kaboni, zile za bei ya chini kabisa, zikigeuka buluu zimefika karibu nyuzi joto 300 na ugumu umeondoka. HSS inastahimili mpaka karibu 600, kwa hiyo buluu peke yake haijaiua. Inoe. Pembe ya kawaida ni nyuzi 118, makali mawili yalingane urefu, na nyuma ya makali pawe chini kidogo kuliko makali yenyewe. Hilo la mwisho ndilo linalokosewa: biti inametameta kama wembe, lakini nyuma yake imebaki juu, inagusa chuma kabla ya makali. Biti kama hiyo hata ukiilalia haiingii.

Kuna mambo vitabu vinayasema kwa uhakika ambao mimi sina. Wanasema tangulia na tundu dogo kisha pitisha biti kubwa. Kwa biti ya kawaida nakubali, maana kiini cha ncha hakikati, kinasukuma tu. Ila tundu la kwanza likiwa kubwa mno, biti ya pili inang'ata ghafla na kukupindisha kiganja, na kwa biti ya milimita 6 yenye ncha iliyopasuliwa, yaani kiini chake kimenolewa nacho kikate, sioni faida yake. Hata zile mita 25 zichukue kama pa kuanzia. Chuma cha skrepa hakina cheti. Ukikuta sehemu ngumu katikati ya nondo, jedwali halikusaidii.

Senta panchi, ile ncha ya kugongea alama ili biti isiteleze, piga kabla ya kila tundu. Swichi ya nyundo kwenye drili zima, hiyo ni ya zege. Chuma cha kumimina (kast ayani) toboa kikavu, vingine vyote weka oili.

Kwa kuwa Arusha ni mji wa magari ya utalii, pleti za springi zimezagaa na kila mtu anataka kuzitoboa. Hizo zimekomazwa. Tafuta biti ya kobalti, yaani HSS iliyochanganywa kobalti, spidi ya chini kabisa. Au ipashe pleti mpaka iwe nyekundu, uifukie kwenye majivu ipoe taratibu, itatoboka vizuri. Lakini hiyo si springi tena. Nawasihi, msiirudishe chini ya gari linalobeba watu.

Biti ikikaribia kutokea upande wa pili, punguza mkono. Hapo ndipo inapong'ata na kuzungusha kipande kizima, kwa hiyo kibane kwenye jiliwa, bati jembamba libane juu ya ubao. Miwani vaa. Glovu vua: biti ikishika uzi mmoja wa glovu, inavuta na kidole.