Je, wajua kwa nini Debrecen, mji usio na mto wala ukuta, ulikua ukawa wa pili Hungaria?

Budapest ina Danube, Szeged ina Tisza. Debrecen, kilomita 220 hivi mashariki ya Budapest, haina mto wa maana. Hata mawe ya kujengea ukuta hayapatikani kwenye tambarare ile. Lakini ndio mji wa pili kwa wingi wa watu nchini humo, wenye wakazi kama 200,000.

Jibu linaanzia malishoni. Magharibi ya mji iko Hortobágy, mbuga pana ya majani. Huko walichungwa ng'ombe wa kijivu wenye pembe ndefu, na katika karne ya 16 na 17 matajiri wa Debrecen walikuwa wakiwaswaga kwa maelfu kuelekea masoko ya Vienna, Nuremberg na Venice. Nafaka hutaka mashua. Ng'ombe hujisafirisha kwa miguu yake mwenyewe. Mto wa nini?

Na ukuta? Waturuki wa Osmani walipoitwaa Buda, leo sehemu ya Budapest, mwaka 1541, Debrecen ikajikuta kati ya wakubwa watatu: sultani, mfalme wa ukoo wa Habsburg wa Vienna, na mtawala wa Transylvania, eneo lililo leo Romania. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, ila nyasi hizi ziliamua kuwalipa tembo wote watatu. Kodi ilikamua watu kwelikweli, na mji haukuepuka kuporwa, lakini haukufutika kama vijiji vingi vya jirani, ambavyo watu wake walikimbilia humo.

Wakati huohuo wakazi walifuata Ukalvini, tawi la Uprotestanti, na chuo chao cha kanisa, kinachohesabu umri wake tangu 1538, kikasomesha wachungaji na walimu wa mashariki yote. Ndiyo maana mji uliitwa Roma ya Wakalvini.

Kuwa mbali na Vienna nako kulifaa. Mapema 1849 serikali ya mapinduzi ya Wahungaria dhidi ya Habsburg ilihamia Debrecen, na tarehe 14 Aprili kiongozi wake Lajos Kossuth akatangaza ndani ya Kanisa Kuu kwamba ukoo wa Habsburg umevuliwa taji. Desemba 1944, Budapest ikiwa bado vitani, bunge la muda lilikutana katika chuo kilekile.

Kwangu mimi, hata hivyo, lililoikuza zaidi Debrecen ya leo ni mpaka. Mkataba wa Trianon wa 1920, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, uliipa Romania mji wa Nagyvárad, sasa Oradea, mshindani wake wa karibu. Upande wa mashariki ya Hungaria hapakubaki mji wa kushindana nao, na aliyetafuta hospitali kubwa au chuo kikuu, kilichoanzishwa 1912, akaelekea Debrecen.

Ng'ombe wa kijivu bado wanachungwa Hortobágy, hifadhi ya taifa tangu 1973. Daraja la mawe la matao tisa, lililokamilika 1833 kwenye njia ya wachungaji na wafanyabiashara, sasa linapitisha magari ya barabara kuu namba 33.