Umeng'atwa na mbwa ukikimbia Duluti? Maswali ninayoulizwa kila msimu wa mbio

Kuanzia Januari, barabara ya vumbi ya kutoka Tengeru, karibu na Arusha, kwenda Ziwa Duluti hujaa wakimbiaji. Wengi wanajiandaa na Kilimanjaro Marathon, ambayo tangu 2003 hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Wengine wanapunguza kitambi tu, na hao ndio ninaowapongeza zaidi. Njia yenyewe inavutia: mashamba ya kahawa, halafu msitu, halafu ziwa limetulia ndani ya shimo la volkano ya zamani, na mawingu yakifunguka unauona Mlima Meru. Lakini msimu huohuo ndio chumba chetu cha sindano hupokea watu wenye alama za meno kwenye shavu la mguu. Na hawaji siku waliyong'atwa. Wanakuja siku ya tano, ya tisa, ya ishirini. Maswali yao nayajua kwa moyo.

Kichaa cha mbwa ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Kwa binadamu karibu kila mara hutoka kwa mbwa, ingawa paka, punda na hata kima wanaweza kuwa nao. Uking'atwa, virusi huingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda polepole hadi kwenye ubongo. Vikishafika huko, mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka, na sehemu kubwa ya wanaokufa ni watoto.

Sista, ni mkwaruzo tu, hata damu haikutoka. Kweli nije?

Njoo. Jino likichubua ngozi, hata bila damu, ni chanjo. Damu ikitoka, au mate yakigusa mdomo, jicho au kidonda ulichokuwa nacho, ni chanjo pamoja na sindano ya kinga ya haraka inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Mbwa akikulamba tu mahali ambapo ngozi ni nzima, osha uendelee na safari yako. Ila aina ya jeraha tuamue sisi, si wewe na wenzako mkiwa mmeinama barabarani mnaangalia mguu kwa tochi ya simu.

Mbwa ni wa jirani, namjua, ana afya. Si nisubiri nione kama atakufa?

Hapana. Swali hili ndilo lililonifanya niandike, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Mbwa huanza kutoa virusi kwenye mate siku kadhaa kabla hajaonekana mgonjwa. Siku anayokung'ata anaweza kuwa anakula ugali wake vizuri na kumtikisia mkia mwenye nyumba. Hizo siku 10 mlizozisikia, za kumwangalia mbwa kama ataugua au kufa, ni za kweli, ila mmezisikia nusu. Nusu ya pili ni hii: unaanza chanjo leo, NA mbwa anaangaliwa siku 10. Akiwa mzima siku ya kumi, tunaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki, na hujapoteza kitu zaidi ya maumivu ya bega. Ukisubiri kwanza halafu mbwa akafa, umempa mdudu siku 10 za bure.

Mwaka mmoja alikuja kijana, fundi seremala, siku ya kumi na mbili. Kidonda kimepakwa unga wa kahawa, kimekauka kama udongo wa kiangazi. Akanionyesha simu yake kwa fahari: kila asubuhi akipita mbioni alikuwa akimpiga picha mbwa aliyemng'ata, ili awe na ushahidi kwamba yu hai. Picha kumi na moja za mbwa yuleyule wa rangi ya maziwa, amelala chini ya mgomba. Nikamuuliza, na ya leo? Akasema leo hakumkuta, mwenye nyumba naye hajui alikokwenda. Tukamchoma sindano ya kwanza palepale. Alimaliza dozi zote na ni mzima, lakini nafasi ile ya kubahatisha sitaki aipate mtu mwingine.

Na jamani, msimpige mbwa mawe mpaka afe. Akishakufa na kuzikwa, tumepoteza kitu cha kuangalia. Mwambieni mwenye mbwa amfungie, na afisa mifugo ajulishwe siku hiyohiyo. Kama ameshakufa, mzoga usishikwe kwa mikono mitupu.

Lakini mwenye mbwa anasema amemchanja.

Nimefurahi kusikia. Alete cheti, tukione, tarehe isiwe ya miaka ile. Wakati analitafuta hilo karatasi, wewe uwe umekaa kwenye benchi letu. Usisubiri.

Nifanye nini palepale njiani?

Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15. Narudia: dakika 15. Ninyi mna saa za mkononi zinazohesabu hadi mapigo ya moyo, basi zihesabu na hili. Wengi huniambia wameosha, nikiuliza kwa muda gani wananionyesha kwa vidole: hivi. Ingia nyumba ya karibu, omba kipande cha sabuni ya mche na ndoo, mtu akumiminie huku unasugua taratibu mpaka ndani ya matundu ya meno. Hakuna nyumba Tengeru itakayokunyima. Ukimaliza, paka spiriti au ayodini kama ipo, usikifunge kwa nguvu, na usikubali kishonwe harakaharaka na mtu wa duka la dawa. Halafu panda bodaboda. Kuosha hakuchukui nafasi ya chanjo.

Bibi ameniwekea jiwe la nyoka, na limeganda kweli.

Linaganda kwa sababu kidonda kina majimaji. Virusi halivuti. Majivu, mafuta ya taa, pilipili, manyoya ya mbwa yaliyochomwa, vyote nimevifuta kwenye miguu ya watu kwa mikono yangu, na vyote vinafanya kazi moja tu: kukuchelewesha. Bibi mheshimu, mshukuru, kisha uje.

Si wanachoma sindano 14 za tumboni?

Hizo ni habari za zamani. Chanjo za kale kweli zilichomwa tumboni, nyingi. Hata yule mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, ambaye Louis Pasteur alimchanja mwaka 1885 kule Ufaransa, alichomwa tumboni mara 13. Siku hizi ni begani, au pajani kwa mtoto mdogo: siku unayofika, siku ya 3, siku ya 7, na ratiba nyingine huendelea hadi ya 14 au ya 28. Mjamzito anachomwa, mtoto mchanga anachomwa. Tutaangalia na chanjo yako ya pepopunda. Si kila zahanati huwa na chanjo hii, kwa hiyo piga simu kwanza kama unaweza. Lakini ukikosa mahali pamoja, safari haijaisha: nenda kituo cha pili, nenda Arusha mjini.

Mwenyekiti wa kijiji ametuita Jumapili, mwenye mbwa akubali kulipa kwanza.

Najua chanjo ina gharama, na una haki ya kudai. Kadai ukiwa umeshachomwa, risiti mkononi, hapo hata mwenyekiti atakuelewa vizuri zaidi. Kirusi hahudhurii kikao.

Naweza kuendelea na mazoezi nikiwa kwenye dozi?

Ndiyo, kama kidonda kinaruhusu. Usichoweza ni kuruka sindano ya siku ya 7 kwa sababu siku hiyo kundi lenu linapandisha mlima kwenda Nkoaranga.

Mbwa akinijia nifanyeje?

Acha kukimbia. Anayekimbia anafukuzwa. Simama, usimkodolee macho, rudi nyuma polepole. Na hiyo saa kumi na moja alfajiri mnayoipenda ndiyo saa ambayo mbwa waliofunguliwa usiku kulinda bado hawajafungwa. Tokeni kukipambazuka, mkiwa wawili watatu.

Dalili zikianza nitazijua?

Utazijua, na hapo hatuna dawa. Mahali palipong'atwa, pengine pameshapona kabisa, panaanza kuwasha na kuchoma. Homa, wasiwasi, kisha koo linakakamaa mgonjwa akiona maji au akipulizwa na upepo. Baada ya hapo ni siku za kuhesabu. Kwa hiyo anayesema "nikiona dalili nitakuja" ananiambia atakuja nikiwa siwezi kumsaidia.

Niling'atwa wiki tatu zilizopita, kidonda kimefunga, sina tatizo lolote. Nimeshachelewa?

Umechelewa, ila hujachelewa mno. Mara nyingi dalili hutokea miezi miwili au mitatu baada ya kung'atwa, wakati mwingine hata mwaka ukipita, hivyo chanjo bado ina nafasi ya kuwahi. Kupona kwa ngozi hakusemi chochote kuhusu kilichoingia ndani. Njoo leo, na usiniambie utapitia Jumamosi ukija sokoni.