Sifa za kuomba udaktari si alama za kuchaguliwa udaktari

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kwa kawaida mwezi Julai, simu za ofisi ya udahili hazipumziki. Swali ni lile lile: "Mwanangu ana Division Two ya PCB, udaktari atapata?" PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, na division ni daraja la ufaulu. Mzazi anayeuliza ameshasoma kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ameona mwanawe ana sifa, na anachosubiri ni sisi tuseme ndiyo. Tunamjibu kwamba kuomba anaruhusiwa, kuchaguliwa ni habari nyingine.

Mwongozo unataka mwombaji wa shahada ya Udaktari wa Tiba, yaani MD, awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kila somo lisishuke chini ya D. Kwa hesabu ya TCU, A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. D tatu zinafanya pointi 6, na hicho ndicho kiwango cha chini. Hapo division huwachanganya watu sana. Mwenye B ya Baiolojia, B ya Kemia na E ya Fizikia ana Division One kwa hesabu ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na kwa hesabu ya TCU ana pointi 9. Lakini MD haombi, kwa sababu ya ile E. Jirani yake mwenye D tatu ana Division Two na anaruhusiwa kuomba. Familia ya yule wa kwanza hudhani mfumo umekosea. Haujakosea, unasoma somo moja moja, hausomi division.

Sasa huyo wa D tatu naye asishangilie mapema. Kwenye jedwali la mwongozo, kila programu ina safu inayoonyesha idadi ya nafasi, na sijui kwa nini waombaji wengi huipita bila kuitazama. Chuo hupanga waombaji wenye sifa kwa ufaulu, kuanzia aliye juu kushuka, na nafasi zikijaa orodha inakatwa hapo. Hakuna usaili wala mtihani wa kujiunga. Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari nchini yalianza mwaka 1963, ni chuo cha umma chenye ada nafuu kuliko vyuo binafsi, kwa hiyo wenye A na B nyingi hukimbilia huko. Mwenye pointi 6 anayejaza MD ya Muhimbili peke yake kwenye machaguo yake yote anacheza bahati nasibu. Aombe na vyuo vingine, vya umma na binafsi, na kwenye machaguo yanayofuata aweke Famasia, Uuguzi, Maabara au Radiografia kama anaweza kuzisoma kwa moyo. Kama hawezi, asiziweke. Kujaza uuguzi kwa shingo upande hakumsaidii yeye, na mgonjwa ndiye atakayeumia.

Wapo wanaotuletea barua za kurasa mbili za kueleza kwa nini wanataka kuwa madaktari. Nadhani wameona video za Marekani, ambako mwombaji huwa na shahada ya kwanza tayari, hufanya mtihani wa MCAT, huandika insha na kuitwa kwenye usaili. Huku kwetu kijana hutoka kidato cha sita moja kwa moja, na kinachozungumza ni matokeo yake. Barua hizo nyingine zinagusa kweli, ila pointi haziongezi.

Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye chuo, na mtu anaweza kuomba vyuo kadhaa. Hapo ndipo steshenari, yaani maduka yanayowajazia watu fomu kwenye kompyuta, zinapoingia. Kijana yuko kambi ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, simu hana, mama anakwenda steshenari na namba ya mtihani ya mwanawe kwenye kikaratasi. Mhudumu anafungua akaunti, na kwa kuwa mama hana barua pepe, anaweka ya kwake. Pengine na namba ya simu ni ya kwake pia. Majina yakitangazwa, kijana amechaguliwa vyuo viwili. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa, kabla dirisha halijafungwa. Namba imeingia kwenye simu ya steshenari, na mhudumu kwa siku hiyo amehudumia watu arobaini. Asipothibitisha kwa wakati, nafasi inakwenda kwa mwingine. Basi mama, weka namba yako mwenyewe, isajiliwe kwa jina lako, na nenosiri uliandike kwenye daftari la nyumbani kabla hujatoka pale dukani.

Matabibu wenye stashahada nao wana njia yao: GPA, yaani wastani wa alama za masomo, isiyopungua 3.0 ya Utabibu, na namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na stashahada. Wengi hukwama kwingine kabisa. Mwongozo unawataka wawe na angalau D za kidato cha nne kwenye Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Tabibu aliyetibu watu miaka kumi anakuta F ya Hisabati ya utotoni imemfungia mlango. Dawa ni kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kujiandikisha mapema, si kusubiri dirisha la udahili lifunguliwe ndipo aanze kuhangaika.

Mkopo huombwa kivyake, Bodi ya Mikopo, wala usisubiri kuchaguliwa chuo kwanza. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, au ZCSRA kwa waliozaliwa Zanzibar, na majina yafanane na ya NECTA herufi kwa herufi: Mohamed na Mohammed kwa kompyuta ni watu wawili. Kwa MD hesabu ya gharama ni nzito, maana ni miaka mitano ya chuo kabla ya mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Ukichagua chuo binafsi, piga hesabu ya ada ya miaka yote mitano, kwa sababu mkopo unaweza usilipe ada yote na tofauti ni ya mzazi.

Kuna ushauri unaozunguka mitaani kwamba ukikosa MD, ingia programu yoyote chuoni halafu uhamie udaktari ukiwa ndani. Kuhama kunaruhusiwa, lakini lazima uwe na sifa za programu unayoiendea na nafasi iwepo, na maombi yapelekwe ndani ya muda uliowekwa. MD ni miongoni mwa programu zinazojaa mapema, kwa hiyo barua nyingi za kuomba kuhamia huko hujibiwa kwa mstari mmoja: hakuna nafasi.