Si kweli kwamba "nilipima" na "tulipima" ni mwiko katika sayansi

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya wanafunzi: ukiandika "nilipima" au "tulichunguza", kazi yako si ya kisayansi na itakataliwa. Si kweli.

Majarida mengi ya sayansi yanakubali nafsi ya kwanza. Hata makala maarufu ya 1953 iliyopendekeza umbo la DNA inaanza kwa nafsi ya kwanza wingi. Tena nafsi hiyo ina faida. "Sampuli tatu ziliondolewa" inamwacha msomaji akijiuliza: na nani, watafiti au maabara iliyozituma? "Tuliondoa sampuli tatu" inajibu, na watafiti wanabeba dhamana ya uamuzi wao. Ila mtafiti aliye peke yake aandike "niliondoa"; wingi hapo unapotosha.

Huenda mkanganyiko unatokana na onyo halali la walimu dhidi ya "nadhani" na "naona" zisizo na ushahidi. Watu wakaligeuza marufuku ya nafsi yenyewe, ilhali kumficha mtendaji hakuondoi upendeleo.

Ukitaka kuhakikisha, soma mwongozo wa jarida au idara yako, kisha pitia sehemu ya mbinu katika makala zilizochapishwa. Mwongozo ukidai kauli ya kutendwa, ufuate. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwelekeze aliyekutumia kwenye mwongozo.