Goku na Arale walikutana kwenye manga

Mashabiki wengi wa Dragon Ball, hadithi ya Kijapani ya manga (vitabu vya vibonzo) iliyofanywa pia katuni ya televisheni, huamini kwamba shujaa wake Goku kufika Kijiji cha Penguin na kumkuta Arale, msichana roboti wa hadithi nyingine iitwayo Dr. Slump, ni nyongeza ya televisheni. Lakini mkutano huo, Goku akimfukuza Jenerali Blue wa Jeshi la Red Ribbon, maadui zake, umo kwenye manga yenyewe. Hadithi zote mbili ni za mchoraji mmoja, Akira Toriyama.

Nyongeza halisi ni kama Goku na mwenzake Piccolo kujifunza kuendesha gari, kipande ninachokipenda mno! Manga ilianza 1984, katuni 1986, zote zikitoka kila wiki, hivyo katuni ilijazia matukio isiipite manga. Kuhakiki ni rahisi: fungua juzuu za manga zenye Jeshi la Red Ribbon, ulinganishe na katuni tukio kwa tukio.