Enaji: yanayosemwa na yaliyoandikwa nyuma ya kopo

Upande wa mbele wa kopo la enaji utakuta fahali wanaopigana, au makucha, au radi, na jina lililochorwa kana kwamba linakimbia. Upande wa nyuma kuna maandishi madogo yanayotaka macho ya kijana: kafeini miligramu kadhaa, sukari gramu kadhaa, taurini, vitamini za kundi B. Maneno mengi yanayozunguka kuhusu vinywaji hivi, ya kuvisifu na ya kuviogopa, yametoka kwa watu walioishia upande wa mbele. Nianze na dhana iliyobebwa na jina lenyewe.

"Enaji inaongeza nguvu"

Nguvu ya mwili hutokana na chakula. Ndani ya kopo, kitu chenye nguvu ya aina hiyo ni sukari, na hiyo hata soda ya kawaida inayo. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina takriban gramu 27 za sukari. Kinachokufanya ujione umechangamka ni kafeini, na kafeini haikulishi chochote.

Tangu unapoamka, ubongo ukiwa kazini, kemikali iitwayo adenosini hulundikana taratibu. Inayo mahali pake pa kukaa, vipokezi, na ikishakaa hapo mwili unapata taarifa kwamba umechoka na muda wa kulala umekaribia. Kafeini ina umbo linalofanana na adenosini kiasi cha kuweza kukikalia kiti kile kile, ila yenyewe ikikaa haisemi neno. Adenosini inabaki imesimama mlangoni. Uchovu uko pale pale, ila habari zake hazikufika. Na wakati wote huo adenosini inaendelea kuongezeka, kwa hiyo kafeini inapoondoka, viti vinajaa kwa mpigo. Ndiyo maana mtu huanguka kama gunia saa chache baada ya kopo, halafu lawama zote anaitupia sukari.

Niliwahi kukesha kwa makopo mawili kabla ya mtihani. Macho yalikuwa wazi mpaka alfajiri, hilo sikatai. Asubuhi ndipo nilipogundua kwamba kurasa nilizopigia mistari usiku kucha zilikuwa kama za mtu mwingine.

Kuna kesi inayosimuliwa vibaya kila mahali kuhusu jambo hili. Watu husema Red Bull, ambayo tangazo lake linadai kinywaji hicho kinakupa mabawa, ilishtakiwa Marekani na mtu aliyelalamika kwamba amekunywa na hakuota mabawa. Madai yenyewe yalikuwa ya kawaida zaidi, na kwa kampuni yalikuwa mabaya zaidi: kwamba matangazo yaliahidi uchangamfu na umakini wa kipekee, wakati kikombe cha kahawa kingefanya kazi ile ile kwa bei ndogo. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 13 ili shauri liishe, bila kukiri kosa.

"Taurini inakamuliwa kwenye manii ya fahali"

Huu ndio uvumi ninaoupenda kuliko wote, maana mzizi wake unajulikana. Mwaka 1827 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin, waliitenga kemikali hii kutoka kwenye nyongo ya ng'ombe. Ikapewa jina kutokana na neno la Kilatini la fahali, *taurus*. Jina likabaki, nyongo ikasahaulika, na mawazo ya watu yakashuka chini zaidi kwenye mwili wa mnyama.

Taurini ya kwenye makopo hutengenezwa viwandani kwa kemikali. Mwili wako nao unayo muda huu, kwenye moyo, misuli, ubongo na macho. Imo kwenye samaki, kwenye nyama, na kwenye maziwa ya mama. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2009 kwamba kwa viwango vinavyotiwa kwenye vinywaji hivi, taurini si jambo la kutia wasiwasi. Ila kwamba haidhuru haina maana kwamba ndiyo inayokuamsha. Ukiiondoa kafeini na sukari, kinachobaki kwenye kopo ni mapambo tu.

"Kopo moja ni sawa na vikombe kumi vya kahawa"

Hapa waoga wamepitiliza. Kopo dogo la mililita 250 huwa na miligramu 80 hivi za kafeini. Kikombe cha kahawa ya kuchuja cha mililita 240 kina takriban 95. Kwa hesabu hiyo, mnywaji kahawa anayemsema mwenzake mwenye kopo dogo anajisema mwenyewe.

Shida ni kwamba makopo yamekua. Kopo la Monster la mililita 473 lina miligramu 160. Prime Energy la mililita 355 lina 200. Bang, la ukubwa ule ule wa Monster, lilijijengea jina kwa miligramu 300. Wote wanasema "nimekunywa moja", na mwenye Bang amekunywa karibu mara nne ya mwenye kopo dogo. Kuna gwarana pia, mmea wa Amazoni unaotajwa kwenye lebo kama kiungo cha asili chenye baraka zake. Mbegu zake zina kafeini. Unapoiona imetajwa, tazama kama miligramu zilizoandikwa zimeihesabu.

Kahawa, tena, ni ya moto na chungu, mtu huinywa kwa kupuliza. Enaji ni baridi na tamu. Mwenye kiu anaimaliza akiwa amesimama.

Kipimo kinachotumiwa na mamlaka ya Ulaya tangu mwaka 2015 ni hiki: mtu mzima mwenye afya asivuke miligramu 200 kwa mara moja, wala 400 kwa siku nzima, kutoka vyanzo vyote. Vyanzo vyote ni pamoja na chai, kola, chokoleti na baadhi ya dawa za maumivu. Mjamzito anatakiwa asivuke 200 kwa siku. Kwa watoto hesabu ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 30 ana nafasi ya 90 tu. Kopo dogo moja linakaribia kuimaliza nafasi yake, na kopo kubwa linaipita mbali.

"Ni kinywaji cha wanamichezo"

Dhana hii haikuzuka yenyewe, ilinunuliwa. Inafaa kuijua historia yake.

Mapema miaka ya 1960 Japani ilikuwa tayari na Lipovitan D, chupa ndogo ya kahawia iliyotengenezwa na kampuni ya dawa ya Taisho, ikiuzwa kama dawa ya uchovu. Thailand, katika miaka ya 1970, Chaleo Yoovidhya alitoa kinywaji chake Krating Daeng, yaani fahali mwekundu, kikapendwa na madereva wa malori na vibarua. Muaustria mmoja mfanyabiashara wa dawa ya meno, Dietrich Mateschitz, alikionja akiwa safarini. Wawili hao walianzisha kampuni mwaka 1984, wakarekebisha ladha, wakatia gesi, na mwaka 1987 kikaingia sokoni Austria kwenye kopo jembamba la buluu na fedha. Kinywaji cha dereva wa lori kikawa cha kijana wa mjini, kwa bei ya juu, na bei yenyewe ikawa sehemu ya tangazo.

Fedha nyingi zikaelekezwa kwenye michezo: timu za mpira, timu ya magari ya Formula 1, warukaji na wapanda milima. Oktoba 14, 2012, Felix Baumgartner, mrukaji kwa parachuti kutoka Austria, aliruka kutoka kimo cha kilomita 39 hivi akiwa na nembo ya kampuni kifuani, na mamilioni ya watu walitazama moja kwa moja tangazo ambalo hawakuliita tangazo. Kufikia mwaka 2023 kampuni hiyo ilikuwa inauza zaidi ya makopo bilioni 12 kwa mwaka. Wakubwa wa soda nao hawakukaa pembeni. Coca-Cola ilichukua hisa za Monster mwaka 2015, asilimia 17 hivi, na PepsiCo ikainunua Rockstar mwaka 2020 kwa dola bilioni 3.85. Kwa hiyo anayehama soda ili kuwakomoa wenye soda, amehamia chumba cha pili cha nyumba ile ile.

Kinywaji cha mwanamichezo ni kitu kingine. Gatorade, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1965, ilikusudiwa kurudisha maji, chumvi na sukari vilivyopotea kwa jasho. Enaji haikuundwa kwa kazi hiyo. Haki itendeke, lakini: kafeini yenyewe humsaidia mkimbiaji na mwendesha baiskeli, na kwa sababu hiyo iliwahi kuwekewa kikomo kwenye michezo mpaka ilipotolewa kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 2004. Mwanariadha anayeitumia huipima kwa uzito wake na kwa saa ya mashindano. Mtoto anayegida kopo akitoka kucheza mpira hafanyi hivyo. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilisema mwaka 2011 kwamba vinywaji hivi havina nafasi katika chakula cha watoto na vijana.

"Nikichanganya na pombe silewi"

Unalewa vile vile. Kafeini haipunguzi pombe iliyo kwenye damu hata tone. Inaondoa usingizi tu, na usingizi ndio uliokuwa ukimwambia mlevi aweke glasi chini. Matokeo yake ni mtu aliyelewa na aliye macho, anayejiamini kwamba anaweza kuendesha gari, na anayeweza kunywa kwa saa mbili zaidi ya mwili wake ulivyotaka. Novemba 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziandikia onyo kampuni nne zilizokuwa zikiuza pombe iliyotiwa kafeini tayari kiwandani, na bidhaa hizo zikaondolewa au kubadilishwa. Siku hizi mchanganyiko unafanywa mezani, na meza haiandikiwi barua.

"Moyo wangu ni mzima, hilo halinihusu"

Kwa kopo dogo moja na mtu mzima asiye na tatizo, huenda kweli halimhusu. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 uliwapa watu 34 wenye afya karibu lita moja ya enaji ndani ya saa moja. Shinikizo la damu lilipanda, na kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba muda ambao moyo unahitaji kujipanga upya kwa pigo lifuatalo ulirefuka, kuliko watu hao hao walipopewa kinywaji cha kuigiza kisicho na kafeini. Ni watu wachache na ni saa chache, kwa hiyo tusiutie chumvi. Lakini wapo watu waliozaliwa na hitilafu ya muda huo huo, na wengi wao hawajui, kwa kuwa haiumi. Mapigo yakienda ovyo baada ya kopo, au kifua kikibana, kopo la pili si la kulijaribu.

"Yangu haina sukari"

Vizuri kwa sukari. Kopo la nusu lita lenye sukari linaweza kuwa na gramu 50 na zaidi, yaani kikomo chote cha siku cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima. Lakini kafeini ni ile ile, na asidi ni ile ile. Tabaka gumu la jino huanza kulainika asidi inapozidi kipimo fulani, na vinywaji hivi vinakipita kwa mbali. Jino halijui kama tamu ilikuwa ya sukari.

"Ulaya wamepiga marufuku"

Hapana. Ufaransa iliizuia Red Bull kwa miaka mingi kisha ikairuhusu mwaka 2008. Kilichopo ni sheria za umri: Lithuania mwaka 2014, Latvia mwaka 2016, na Poland kuanzia Januari 2024 zimezuia kuwauzia walio chini ya miaka 18.

"Nikitaka usingizi naulala tu"

Mwili wa mtu mzima huchukua kama saa tano kuondoa nusu ya kafeini. Miligramu 160 za saa kumi jioni ni 80 saa tatu usiku, na 40 bado zipo saa nane za usiku wa manane. Kwa mjamzito muda huo hurefuka sana. Kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango hukaribia kuongezeka maradufu. Wapo wanaolala fofofo baada ya kopo na kujisifu, lakini jaribio la mwaka 2013 la miligramu 400 lilionyesha kwamba hata ukizinywa saa sita kabla ya kulala, usingizi hupungua kwa zaidi ya saa nzima, na wengi hawakujua kwamba wamepoteza kiasi hicho. Kesho yake wanahitaji kopo.

Na asiyelipata? Kichwa huanza kugonga ndani ya saa 12 hadi 24, pamoja na hasira na uzito wa mwili, na kwa wengine huendelea hadi siku tisa. Anayepunguza kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu hupata nafuu kuliko anayekata ghafla. Maumivu hayo huondoka upesi kwa kafeini kidogo, ndiyo maana kopo la kwanza la asubuhi linaonekana kama dawa.