Mchekeshaji wa muziki akifariki, tuukumbuke na muziki wenyewe

Mwimbaji wa nyimbo za mapenzi akifariki, mashabiki husimulia walikuwa wapi na walikuwa na nani siku walipousikia wimbo fulani. Mchekeshaji wa muziki akifariki, wanabandika mistari. Tom Lehrer, Mmarekani aliyeimba nyimbo za utani kwa piano, alipoaga dunia tarehe 26 Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 97, nilisoma salamu nyingi za waliompenda, na karibu zote zilikuwa na umbo moja: jina, tarehe, beti mbili tatu, kikatuni cha kucheka na kingine cha kulia.

Nazipenda salamu hizo. Zinaonyesha kwamba watu wameweka kichwani vitu vilivyoandikwa kabla wengi wao hawajazaliwa. Lakini mimi kazi yangu ni muziki. Nafundisha utunzi, na sehemu ya somo ninayoipenda kuliko zote ni ucheshi. Kila tukipata msiba wa namna hii naona jambo lilelile linaachwa nje: marehemu alikuwa anachekesha kwa vidole. Maneno ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ile inayotufanya tucheke hata pale tunapoujua utani kwa moyo, iko kwenye piano, na hiyo haibandikiki.

Ucheshi wa muziki unategemea kitu kimoja, nacho ni matarajio ya sikio. Mtu asiyejua kusoma nota hata moja anajua sentensi ya muziki inakaribia kutua wapi, kwa sababu amesikia maelfu ya sentensi zikitua mahali hapo. Mtunzi anaweza kumpa anachosubiri, au kumcheleweshea, au kumpa kitu kingine kabisa. Mtunzi Joseph Haydn aliufanya mchezo huo mwaka 1781 katika kwateti ya nyuzi, yaani muziki wa ala nne za nyuzi, ambayo hadi leo inaitwa “Utani”. Sehemu ya mwisho inafika tamati, kimya. Inaanza tena kipande, kimya. Kipande kingine, kimya. Kisha kimya kirefu zaidi, wasikilizaji wameshainua mikono wapige makofi, na ala zinarudi polepole na sentensi ileile iliyofungua sehemu hiyo, halafu basi. Muziki umeishia mwanzoni. Hakuna neno hata moja lililosemwa na ukumbi unacheka.

Sasa chukua wimbo wa Lehrer wa mwaka 1959 kuhusu kuwapa sumu njiwa wa bustanini. Mashabiki wananukuu njiwa. Sikiliza piano. Ni mwendo wa mapigo matatu, wa dansi, mtamu, wa mtu anayesifu majira ya kuchipua, na ubeti wa kwanza unayasifu kweli. Maneno yanapofika kwenye sumu, muziki haugeuki. Hakuna kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya kutisha, hakuna kusita, wala hakuna sauti ya kumwambia msikilizaji “hapa cheka”. Kina kinachofuata kinafika kwa wakati wake, nadhifu, kana kwamba kinahusu maua. Mchezaji wa kiwango cha chini angelibonyeza neno “sumu” kwa nguvu. Lehrer analipitia kwa sauti ileile aliyoitumia kwa jua na hewa, na uso wa mtu mwema. Kicheko kinazaliwa katika ule umbali kati ya mkono wa kushoto unaocheza dansi na mdomo unaoeleza mauaji.

Hili si jambo la bahati. Alikuwa mwanahisabati aliyeingia Harvard akiwa na miaka 15, na mashairi yake yamepimwa: silabu hazizidi, hazipungui. Albamu ya kwanza, mwaka 1953, aliigharamia mwenyewe na kuiuza kwa posta, kwa kuwa redio nyingi hazikutaka kuigusa. Ilienea kwa mdomo, rafiki akimsikilizisha rafiki. Baadaye aliacha jukwaa akarudi darasani, na huko California, katika chuo kikuu cha Santa Cruz, alifundisha hisabati na pia historia ya tamthilia za muziki za Marekani. Kwa macho yangu hizo ni kazi za mtu mmoja yuleyule.

Peter Schickele, aliyefariki tarehe 16 Januari 2024 akiwa na miaka 88, alikuwa na njia nyingine. Alisomea Juilliard, chuo cha muziki cha New York, akaandika muziki mwingi usio na utani wowote, lakini dunia inamjua kwa mtu ambaye hakuwahi kuwapo: P.D.Q. Bach, mtoto wa mwisho wa Johann Sebastian Bach, aliyedaiwa, kinyumenyume kwa utani, kuzaliwa mwaka 1807 na kufariki 1742. Tangu onyesho la mwaka 1965 katika ukumbi wa Town Hall, New York, Schickele alijitambulisha kama profesa anayegundua kazi zilizopotea za mtunzi huyo. Alichukua ule ulimi wa matete wa kupulizia basuni, akauchomeka kwenye tromboni, akapata ala inayolia kwa namna ambayo hakuna mwalimu angeiruhusu. Kati ya 1990 na 1993 alishinda Grammy ya rekodi bora ya vichekesho mara nne mfululizo.

Ukitaka kujua thamani yake, usiishie kwenye ile ala. Fuata kinachotokea kabla yake. Anaandika ukurasa mzima wa muziki wa karne ya 18 usio na kasoro: sauti zinajibizana, besi inatembea, kila kitu kiko mahali pake. Sikio linatulia, linaamini. Ndipo kinaingia kipimo kimoja, yaani kipande kifupi cha mapigo machache, cha dansi ya vijijini, au fidla mbili zinazopishana kwa nusu sauti, kisha tunarudi kwenye adabu kana kwamba hakuna aliyekosa adabu. Huwezi kuharibu kwa ustadi kitu usichoweza kukijenga. Wanafunzi wangu wakianza kuandika vichekesho hukimbilia makosa moja kwa moja, na wasikilizaji wanadhani hawajui kuandika. Nawarudisha kwa Schickele wahesabu ni vipimo vingapi anavyocheza kwa uaminifu kabla ya kuteleza mara moja.

Alikuwa pia mwalimu mkubwa. Aliwahi kuipigia simfoni ya tano ya Beethoven utangazaji wa mechi, watangazaji wawili wakipaza sauti pembe zinapoingia na kushangaa mada ya kwanza inaporudi. Inachekesha, na ukimaliza kusikiliza umeelewa jinsi simfoni inavyojengwa. Nina hakika wapo watu waliofika kwa Bach na Beethoven wakipitia kwake. Hicho ndicho ningependa kukisoma katika salamu za rambirambi: alinifikisha wapi.

Hapa nafika kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Utani wa kuigiza humtegemea anayeigizwa. Anayeigizwa akisahaulika, utani unabaki ukining’inia. Nyimbo za Lehrer za mwaka 1965 zinagusa mabadiliko ya Kanisa Katoliki wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mataifa yaliyokuwa yakijipatia mabomu ya nyuklia, na Wernher von Braun, mhandisi aliyeunda makombora ya Ujerumani ya Hitler kisha akawa nguzo ya safari za anga za Marekani. Kijana anayeusikia wimbo wa von Braun bila kujua habari hiyo ya mwisho anasikia maneno yenye vina tu. Akishajua, anasikia hasira iliyofungwa kwa utulivu mkubwa.

Kwa hiyo shabiki anayebandika ubeti na aongeze sentensi mbili. Anayedhihakiwa ni nani? Wasikilizaji wa siku ile walijua nini ambacho sisi hatujui? Mashabiki wazee ndio wenye hazina hiyo, na wengi hawaiandiki kwa sababu wanaona ni jambo linalojulikana. Halijulikani tena. Vitabu vya historia vitatueleza von Braun alikuwa nani, lakini havitatueleza ukumbi ulicheka mstari gani na ulinyamaza mstari gani. Kama ulikuwapo, andika.

Wakati mwingine mambo huenda kinyume, nakala ikaishi kuliko asili. Wimbo wa Lehrer unaotaja elementi za kikemia umepandishwa juu ya muziki wa mtunzi Mwingereza Arthur Sullivan wa mwaka 1879. Sullivan aliuandika kwa ajili ya meja jenerali wa kwenye opereta (tamthilia nyepesi ya kuimbwa) anayejisifu kwa kasi ya ajabu kuhusu kila alijualo isipokuwa vita. Leo wapo wengi wanaoujua muziki huo kama wa elementi tu. Ukiwaonyesha jenerali, wanacheka upya: kumbe wimbo ulikuwa wa kichekesho tayari, na Lehrer alichagua makusudi muziki uliokwisha kuzoea kubeba orodha.

Neil Innes wa Uingereza, aliyefariki tarehe 29 Desemba 2019, alikuwa fundi wa kunakili roho ya muziki. Nyimbo alizoziandikia bendi ya kubuni ya Rutles mwaka 1978 zilifanana na za Beatles kiasi kwamba waliomiliki haki za nyimbo za Beatles walidai sehemu ya mapato, wakaipata. Zikisikilizwa kwa makini, si nyimbo zilizoibwa. Ni mwendo wa kodi ambao Beatles wangeweza kuuchagua, sauti za kuitikia pale ambapo wangeziweka, ngoma inayojaza pengo kama wangelijaza. Ili uweze hayo inakupasa uwapende sana unaowaigiza. Mashabiki wake walimwita mcheshi. Mimi namwita mmoja wa wachambuzi wakubwa wa Beatles, ingawa uchambuzi wake aliuimba.

Adam Schlesinger namtaja kwa sababu nyingine. Alifariki tarehe 1 Aprili 2020 kwa matatizo yaliyotokana na Uviko-19, akiwa na miaka 52. Wengi waliolia walikuwa wanamjua bila kujua kuwa wanamjua: alikuwa miongoni mwa waandishi wa nyimbo za tamthilia ya vichekesho ya Marekani yenye zaidi ya nyimbo 150 katika misimu minne, kwa mitindo mingi tofauti ya muziki. Waandishi wa nyuma ya pazia wanahitaji mashabiki wanaosoma majina yanayopita mwishoni mwa kipindi.

Suala la majina linaniuma. Enzi ya kupeana faili za muziki kwenye intaneti, karibu kila wimbo wa kuigiza uliokosa mwenyewe ulipewa jina la “Weird Al” Yankovic, Mmarekani maarufu kwa nyimbo za kuigiza, naye amelalamika hadharani kwamba anahusishwa na nyimbo ambazo si zake, nyingine za matusi ambayo yeye hawezi kuyatumia. Hasara ya upande wa pili ni kubwa zaidi. Kila wimbo uliobandikwa jina lake ulikuwa na mtunzi wake halisi, na akifariki mtunzi huyo hakuna anayejua amefiwa. Ukimuenzi mchekeshaji, taja nani aliandika maneno, nani aliandika muziki, nani alipiga, na mwaka gani. Ni kazi ya dakika tano.

Namna ya mashabiki wa Les Luthiers, kundi la vichekesho vya muziki la Argentina, naiona nzuri kuliko zote. Kundi hilo lilianzishwa Buenos Aires mwaka 1967 na Gerardo Masana, aliyefariki mapema, mwaka 1973. Walitengeneza ala zao wenyewe kutokana na vitu vya nyumbani na ofisini, ikiwemo mashine ya kupiga chapa iliyogeuzwa kuwa ala ya kugonga. Daniel Rabinovich alipofariki mwaka 2015, na Marcos Mundstock mwaka 2020, wenzao waliziba nafasi na kuendelea hadi walipostaafu 2023. Mundstock aliwahi kuwa mtangazaji wa redio, na alisoma wasifu wa mtunzi wa kubuni, Johann Sebastian Mastropiero, kwa sauti nzito ya taarifa ya habari. Mashabiki wanaomkumbuka hawataji maneno pekee. Wanataja jinsi alivyoshika lile jalada jekundu, alivyonyamaza, alivyorudia jina. Wanakumbuka mwendo.

Wapo wanaouliza kama ni heshima kucheka kabla mtu hajazikwa. Lehrer aliandika wimbo mchangamfu kuhusu binadamu wote kufa pamoja kwa bomu. Kumkumbuka kwa uso wa kununa tu kungekuwa ni kumkumbuka mtu mwingine. Familia ina majonzi yake na inastahili kuachiwa. Sisi wengine tuna nyimbo.

Na kwa Lehrer tunazo kisheria. Katika nchi nyingi hakimiliki hudumu miaka 50 au 70 baada ya mtunzi kufariki. Yeye alitangaza mwaka 2020 kuwa maneno yake ni mali ya umma, na mwaka 2022 akaachilia haki zilizobaki, pamoja na za muziki alioutunga mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kuuimba, kuurekodi, kuutafsiri, bila kuomba ruhusa. Sijui zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo mchekeshaji anaweza kuwaachia mashabiki wake.

Basi imbeni. Pigeni kwa mwendo ulionyooka, msikonyeze jicho, msibonyeze neno la kuchekesha. Kwa wimbo wa elementi anza taratibu kuliko rekodi, maana kasi bila matamshi ni kelele, na weka alama za kuvuta pumzi kwa penseli kabla hujakaa kwenye piano. Utaulizwa kuhusu idadi: Lehrer aliimba elementi 102 zilizojulikana mwaka 1959, na jedwali la leo lina 118, nne za mwisho zikiwa zimepewa majina mwaka 2016. Unaweza kuongeza ubeti wako. Mimi huwashauri wanafunzi wauache ulivyo, kwa sababu mwishoni mwimbaji mwenyewe anasema ametaja zile tu ambazo habari zake zimefika Harvard, na huenda zipo nyingine.